ANGA NALO LINA MWENYEWE

Mtu akitaka kujua umbali wa kutoka Johannesburg hadi London, atafungua ramani na kupima. Ataona ni kilomita zipatazo 9,000, na ataambiwa kwamba ndege za leo huumaliza mwendo huo kwa saa 11 hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini sisi tunasema haitoshi. Njia ya angani haipimwi kwa ramani peke yake. Hupimwa pia kwa ruhusa ya watu wakaao chini yake.

Mwaka 1932, Imperial Airways ilipoanza kuchukua abiria baina ya London na Cape Town, safari ilikuwa ya siku 11 hivi, na Dodoma na Mbeya zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, jeti ya kwanza duniani kufanya safari za abiria wa kulipa nauli, iliondoka London, ikatua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya kutimia saa 24. Hapana shaka dunia ilikuwa imepungua ukubwa.

Lakini ilipungua kwa mwenye kupewa njia. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944 yanakiri kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga la nchi yake. Mwezi Mei 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zikaazimia kuinyima serikali ya makaburu njia za angani na bandari. Mwaka huo huo ndege za shirika la Afrika Kusini zikazuiwa kupita juu ya sehemu kubwa ya bara hili. Ikawa lazima zifuate bahari ya Atlantiki, zizunguke nundu ya Afrika Magharibi, na kujaza mafuta katika makoloni ya Wareno, kama vile Luanda na kisiwa cha Sal.

Yafaa tuseme kweli yote. Ndege za mashirika ya Ulaya ziliendelea kupita njia fupi. Cape Verde nayo, ilipopata uhuru mwaka 1975, iliendelea kuwapokea makaburu pale Sal, maana ilihitaji mapato. Mwaka 1976 makaburu wakapata Boeing 747SP ziwezazo kwenda mbali bila kutua. Hata hivyo, kwa karibu miaka 30 walilipa mafuta na saa za ziada. Nchi zisizo na utajiri zilidhihirisha kwamba neno "hapana," likisemwa na wengi, lina uzito.

Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, njia ilinyooka tena. Limebaki deni moja. Mwaka 1999, huko Yamoussoukro, serikali za Afrika zilikubaliana kufunguliana anga kwa mashirika ya ndege ya Kiafrika. Lakini hata leo, Mwafrika aendaye nchi nyingine ya Afrika mara nyingi huzungushwa Ulaya au Ghuba, kama kwamba yeye ndiye aliyefungiwa njia. Tuliweza kulifunga anga kwa umoja. Kwa umoja huo huo na tulifungue.