Maneno Yanayomleta Mteja: Somo kwa Askari Anayefungua Kampuni ya Ujenzi

Askari anapovua magwanda baada ya miaka mingi ya utumishi, hubaki na mali mbili: kiinua mgongo chake na ujuzi wake. Wengi waliojifunza uashi au useremala jeshini hufungua kampuni ndogo za ujenzi. Leo twapenda kuwaeleza askari na polisi wenzetu jambo moja liwezalo kuilinda fedha hiyo au kuimaliza kimya kimya, nalo ni uchaguzi wa maneno ya matangazo katika Google.

Utaratibu huo, ulioanza mwaka 2000, si mgumu kueleweka. Mwenye kampuni huorodhesha maneno ambayo mteja huyaandika anapotafuta huduma. Yakiandikwa, tangazo lake huweza kutokea pamoja na majibu. Na kila linapobofywa yeye hulipa, apate kazi au asipate. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa sajini mstaafu wa Dranya, katika Wilaya ya Koboko, iliyokuwa sehemu ya Arua hadi mwaka 2005. Achague neno moja tu, "ujenzi", na tuseme kila mbofyo humgharimu shilingi 500. Tangazo lake laweza kumfikia mwanafunzi anayeandika insha juu ya ujenzi wa taifa, na kijana anayetafuta ajira. Watu 40 wa namna hiyo wakilibofya, shilingi 20,000 zimekwenda pasipo kujengwa hata ukuta mmoja.

Kosa la pili ni kujitafuta mwenyewe badala ya kumtafuta mteja. Sajini wetu hupenda neno "mkandarasi" kwa kuwa ndilo lililo katika hati zake. Lakini mama ambaye paa lake linavuja huandika "fundi wa mabati Koboko". Hapana budi, basi, upelelezi utangulie: awaulize wateja wake wa zamani wangeandika nini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha ayachukue maneno yao jinsi yalivyo.

Mahali nako kwahitaji busara. Jirani wa Dranya humwita fundi kwa mdomo, wala hahitaji tangazo. Anayelihitaji ni mwana wa Dranya aliyeko Kampala, anayetaka kuwajengea wazazi wake nyumba. Sajini akiliwekea tangazo mpaka wa Koboko pekee, huenda akamkosa mteja huyo. Afadhali alieneze Uganda nzima, lakini maneno yake yabebe jina la mahali: "kujenga nyumba Koboko", "fundi wa ujenzi Arua". Jina la Dranya peke yake halitoshi, kwani neno linaloandikwa na watu wachache mno Google huliweka kando.

Baada ya hapo aamue neno lishikwe kwa upana gani. Likiachwa wazi, Google hulihusisha na mengi yanayokaribiana nalo. Likifungwa kwa alama za kunukuu, maana ya fungu hilo la maneno lazima iwemo. Likitiwa katika mabano ya mraba, hushikwa kwa ukaribu zaidi. Mwenye fedha kidogo na aanze na mabano. Tena aandike maneno ya kukataza, kama vile "ajira", "insha" na "bure", ili tangazo lisitokee yanapoandikwa.

Kazi haiishii hapo. Kila juma aisome taarifa inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubofya. Lililoleta simu ya mteja alitunze. Lililokula fedha bure alikataze bila huruma.

Ndugu askari, tulifundishwa kutofyatua risasi kabla ya kuitambua shabaha. Shilingi ya kiinua mgongo nayo ni risasi, na ikishatoka hairudi. Tuitumie kwa nidhamu ile ile.