Je, Wajua? Bei ya Nyota Mwenye Goti Bovu

Mashabiki wengi wa soka Afrika Mashariki wanaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: unapewa pauni milioni 100, unaunda kikosi cha watu 15, na mchezaji mmoja anaweza kuwamo kwenye vikosi vya mamilioni ya watu. Fantasi ya besiboli ya Marekani, katika ligi zake za jadi, ina masharti makali zaidi. Ukishamchukua mchezaji, hakuna mwingine katika ligi yenu anayeweza kuwa naye. Akicheza vizuri, kicheko ni chako. Akivunjika mfupa, hasara nayo ni yako.

Je, wajua kwamba mchezo huu uliwahi kubeba jina la mgahawa?
Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake walifanya mnada wao wa kwanza wa wachezaji mjini New York. Ligi yao waliiita Rotisserie, kwa kuwa walizoea kukutana kula kwenye mgahawa wa La Rôtisserie Française. Leo kanuni iliyozoeleka ya mnada ni kila timu kuwa na dola 260 za kununulia wachezaji 23, na bei ya chini kabisa ni dola 1.

Je, wajua kwamba majeruhi hakuachi na kiti kitupu?
Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tuseme kuna mpigaji anayepata homurani (pigo linalomwezesha kuzunguka besi zote na kupata alama) moja kila mechi 4, lakini mwili wake haumruhusu kucheza zaidi ya mechi 100 kati ya 160. Atakupa homurani 25. Katika zile mechi 60 alizokosa, utamweka mtu wa kawaida ambaye hakuna aliyemtaka, anayepata moja kila mechi 10. Huyo anaongeza 6, na jumla yako inakuwa 31. Mpigaji imara asiyekosa mechi, mwenye homurani moja kila mechi 6, atafikisha 26 au 27 tu. Kumbe yule mgonjwa mgonjwa, pamoja na wa akiba wake, amemshinda mzima! Ila akicheza mechi 40 pekee, jumla yao itashuka hadi 22. Swali la kujiuliza, basi, ni mechi ngapi, na nani atakayekaa pale.

Je, wajua kwamba ukubwa wa ligi hubadilisha bei ya majeruhi?
Ligi ikiwa na timu 10, wachezaji wazuri hubaki bila mwenyewe, na pengo huzibika kwa urahisi. Zikiwa timu 15, wanaobaki ni makapi. Ligi nyingi pia hutenga nafasi maalumu kwa walio kwenye orodha rasmi ya majeruhi, ili wasile nafasi za benchi. Anayekuumiza zaidi ni yule anayesemekana “atakuwa sawa kesho”: hayumo kwenye orodha, wala hayumo uwanjani.

Je, wajua kwamba mkono mbovu hauzuii gongo?
Septemba 2023 Shohei Ohtani, mchezaji anayerusha na pia kupiga, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, na msimu wa 2024 hakurusha mpira hata mechi moja. Lakini kama mpigaji alipata homurani 54 na kuiba besi 59 (yaani kukimbilia besi inayofuata bila msaada wa pigo), jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika msimu mmoja. Aliyesikia neno “upasuaji” akamkimbia, alikimbia hazina. Kabla ya kushusha bei, uliza ni kiungo gani kimeumia na mchezaji anakitumia kwa kazi gani.

Je, wajua kwamba upasuaji wa kiwiko una jina la mchezaji?
Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John na kumwekea kiwikoni kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. John alirejea uwanjani 1976 na kuendelea kurusha hadi 1989. Tangu hapo, mrushaji aliyefanyiwa upasuaji huo hazikwi, ila husubiriwa, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka mzima. Mrushaji Jacob deGrom amepitia meza hiyo mara mbili. Mwaka 2021 aliruhusu wastani wa alama 1.08 kwa kila mechi nzima, lakini akaanza mechi 15 tu. Mwaka 2023 alianza 6, na 2024 akaanza 3. Kisha 2025 akaanza 30. Aliyemnunua kwa bei ya juu 2023 aliungua. Aliyemnunua 2025 alivuna.

Je, wajua kwamba “mchezaji salama” naye ana hatari?
Mwaka 2023 mpigaji Ronald Acuña Jr. alicheza mechi 159, akapata homurani 41 na kuiba besi 73. Msimu uliofuata wengi walimchagua wa kwanza kabisa. Mei 2024 kano ya goti ikakatika, na msimu wake ukaishia mechi 49.

Je, wajua kwamba hatari ileile ni kosa mwanzoni na busara mwishoni?
Ukimlipia majeruhi dola 40, umetoa zaidi ya asilimia 15 ya mfuko wako, na waliobaki 22 utawanunua kwa wastani wa dola 10. Hapo unahitaji uhakika. Lakini kwa dola 1, mwishoni mwa mnada, mchezaji wa kawaida hakusaidii sana, kwa sababu wenzake wa aina hiyo watapatikana bure msimu mzima. Nyota mwenye goti bovu akishindwa, unamwacha na kupoteza dola 1. Akipona, umepata mtu wa dola 30. Kwa hiyo dola zako za mwisho zipe majeruhi, na zile za mwanzo zipe wanaocheza kila siku.