Neno Linapoamua Kinga ya Muuguzi

Wapo wanaodhani kwamba sisi wanaisimu hatuna la kusema kuhusu mambo ya wodini. Sikubaliani nao. Kinga ya mhudumu wa afya huanzia katika neno lililoandikwa kwenye mwongozo anaopewa.

Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba korona haisambai hewani, bali kwa matone ya mate. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ilikuwa na uzito. Tone huanguka karibu na aliyekohoa. Kwa hiyo muuguzi wa kawaida alielekezwa kuvaa barakoa ya upasuaji, ambayo huacha mianya mashavuni. Barakoa ya N95, inayobana uso na kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ilitengewa kazi maalumu kama vile kumtia mgonjwa mpira wa kupumulia. Ilhali chembe ndogo huelea kwa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa! Ni mwezi Aprili 2024 ndipo WHO lilipotoa istilahi mpya zisizotenganisha tena matone na chembe hizo.

Somo hili halikuwa geni. Ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003 uliwapata watu 8,096 duniani, na 1,706 miongoni mwao walikuwa wahudumu wa afya. Daktari Carlo Urbani, aliyeutahadharisha ulimwengu kutoka Hanoi, aliuawa na ugonjwa uo huo. Nchini Kanada, tume ya Jaji Archie Campbell ilichunguza yaliyotokea Toronto, ikasisitiza kwamba si lazima kungoja uthibitisho kamili wa sayansi ndipo wafanyakazi wakingwe. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo: tahadhari kabla ya hatari.

Hapa kwetu, mwezi Desemba 2020, madaktari waligoma wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga. Je, ilistahili wafike huko?

Enyi walimu na wanafunzi, baadhi yenu ndio mtakaoandika au kufasiri miongozo ya kesho. Ugonjwa mgeni ukibisha hodi, andikeni kwa Kiswahili fasaha: "Njia ya maambukizi haijathibitishwa, vaa kinga ya juu kabisa." Kulegeza masharti baadaye ni jambo jepesi. Kumrejesha muuguzi aliyekwisha kuzikwa hakuwezekani.