Dalali Mmoja Aliyesajiliwa

Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, katika kaunti hii ya Kajiado ambamo mashamba ya jumuiya yaliyoandikishwa kwa sheria ya mwaka 1968 yamegawanywa na kuuzwa kipande kwa kipande, aghalabu utaona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mahali hapo hapauzwi. Onyo hilo ni dalili tosha ya jinsi udalali ulivyoingiliwa na watu wasio na amana.

Mwenye kuuza nyumba hudhani kwamba kadiri anavyowaita madalali wengi ndivyo mnunuzi atakavyopatikana upesi, ilhali nyumba itembezwayo na watu kumi, kila mmoja akiongeza cha juu chake, hutajwa milioni 8 asubuhi na milioni 9 na nusu jioni, hata mnunuzi akaingiwa na shaka juu ya mwenye nyumba mwenyewe. Kwa rai yangu, achague mmoja tu, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi chini ya Sura ya 533, na waandikiane mkataba wenye kutaja ujira, muda wa kazi, na marufuku ya cha juu.

Kabla ya kutia sahihi, amjaribu kwa maswali. Dalali anayeijua kazi atamwambia, bila ya kusitasita, kwamba shamba la kilimo haliuziki pasipo idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na kwamba ombi shurti lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, la sivyo mauzo ni batili. Kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ya ridhaa ya mke au mume. Na kwamba kodi ya faida ya mauzo, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mnamo Januari 2023, humsamehe aliyekaa nyumbani mwake miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza. Msamaha huo una thamani kubwa, na inasikitisha kuwaona wazee wakiuzia watu nyumba walizojenga kwa jasho lao pasipo mtu wa kuwaarifu.

Na hati asilia asikabidhiwe dalali kwa hali yoyote: nakala yamtosha, asilia ikae kwa wakili, na malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, yapitie huko huko.