Msamaha na Kusudi la Maisha (Sehemu ya Pili): Barua ya Maaskofu wa Uganda

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata Yusufu mwana wa Yakobo mpaka Misri, tukaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: hakuwasamehe ndugu zake siku ile ile walipoinama mbele yake. Aliwaweka kizuizini, akamshika Simeoni, akaamuru kikombe chake cha fedha kitiwe katika gunia la Benyamini, na hakujitambulisha mpaka Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Hoja yangu ilikuwa kwamba Yusufu aliweza kusamehe kwa sababu alikwisha kuyaona maisha yake yote kuwa kazi aliyotumwa, na kwamba ukweli ulitangulia, kumbatio likafuata. Msomaji ana haki ya kusema kwamba hayo ni ya kale, tena ni ya familia moja. Kwa hiyo leo tuiweke hoja hii mahali pagumu zaidi, Kampala mwaka 1977, ambako aliyekosa alikuwa rais mwenye jeshi na waliokosewa hawakuwa na chochote mkononi.

Idi Amin alikuwa ametawala tangu mapinduzi ya Januari 1971. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum pale Namirembe wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia rais barua ya pamoja, na barua hiyo haikuwa ya kunyenyekea. Waliueleza upekuzi ule, wakalalamikia mauaji na watu waliokuwa wakipotea, wakasema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa askofu mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Nile Mansions, askari wakapiga kelele za kutaka Luwum auawe, kisha wengine wakaambiwa waende zao naye akabakizwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alingoja nje mpaka alipofukuzwa. Serikali ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu walioiona miili waliona matundu ya risasi. Kaburi lililochimbwa Namirembe lilibaki tupu, kwa kuwa mwili ulipelekwa na kuzikwa Mucwini, kijijini kwake.

Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu kuvuka mpaka wa Rwanda, na mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Jina hilo ndilo lililosafiri. Linatajwa kwenye semina, kwenye mimbari, kwenye mikutano ya wanandoa, na kwa kawaida hutajwa kuwanyamazisha watu: ikiwa Kivengere aliweza kumpenda Amin, wewe nani hata ulalamike? Hapa ndipo ninapopingana na wahubiri wetu. Mtu aliyetangaza msamaha ule ni mmoja wa maaskofu walioandika barua ile. Alikwisha kumwambia Amin kosa lake, kwa maandishi, wakati Amin akiwa na uwezo wa kumuua. Ukiuondoa msamaha wake kwenye barua hiyo, unabaki na kitu kingine kabisa, na kitu hicho ni woga uliovishwa joho.

Wala haukuwa msamaha wa hisia za ghafla. Kivengere mwenyewe alikiri kwamba uhamishoni chuki ilianza kumla, na kwamba ni katika ibada ya Ijumaa Kuu huko London alipotambua kuwa amebeba uchungu asioweza kuhubiri nao. Aliweza kulitambua hilo kwa sababu alikuwa na mazoea ya miaka mingi. Yeye na Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, walilelewa na Uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, Tanganyika na Kenya. Wana Uamsho walikutana mara kwa mara kutubu mbele ya wenzao, wakataja dhambi kwa majina yake, wakarudisha walichoiba na kuwaendea waliowakosea. Katika ujana wake Kivengere alipanda baiskeli kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Huko Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, wakauawa kwa msimamo huo. Watu wa namna hii hawangoji siku ya msiba ndipo waanze kujiuliza kama watasamehe. Kusudi lao lilikwisha kuamuliwa, nalo likawashika walipokuwa hawana nguvu ya kujishika.

Wapo watakaosema kwamba msamaha haukumtoa Amin Ikulu. Ni kweli. Kampala ilikombolewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na Mtanzania aliyempoteza mwanawe katika vita vya Kagera hapaswi kuambiwa vinginevyo. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1980 askari wa jeshi jipya waliwalipizia kisasi watu wa West Nile, alikotoka Amin, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Bunduki ilimaliza utawala, haikumaliza uadui. Kanisa, kwa upande wake, lilikuwa limefanya jambo ambalo halitajwi vya kutosha: baada ya Luwum, Mwacholi, kuuawa na utawala wa Mkakwa, lilimchagua Silvanus Wani awe askofu mkuu mwaka ule ule wa 1977, naye Wani alikuwa Mkakwa. Sijui ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba msamaha waweza kuwa uamuzi wa taasisi nzima.

Pingamizi la pili ni la haki: kusamehe si kumwachia mkosaji? Wanaouliza hivi mara nyingi wamefundishwa nusu ya Mathayo 18. Amri ya kusamehe sabini mara saba inatanguliwa, katika sura hiyo hiyo, na utaratibu wa kumwonya aliyekosa: kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, mwishowe mbele ya kanisa. Anayesamehe anaacha kisasi chake mwenyewe. Hana mamlaka ya kufuta mashitaka ya mwingine. Kivengere angeweza kumsamehe Amin kwa kumfanya aikimbie nchi yake, lakini hakuna askofu awezaye kusamehe kwa niaba ya mjane wa Oryema. Wachungaji wanaowasukuma wanawake waliopigwa kurudi nyumbani kwa jina la msamaha wanajitwalia haki ambayo Biblia haikuwapa.

Lakini pingamizi zito kuliko yote linatoka Rwanda, na haifai kulikwepa. Nchi ile ile iliyozaa Uamsho ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa humo humo. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Toba ile ya wana Uamsho ilikuwa wapi? Jibu langu ni kwamba toba ilibanwa ndani ya mambo ya mtu binafsi, ulevi, wizi, uzinzi, wakati ubaguzi wa kikabila ulioandikwa hata kwenye vitambulisho uliachwa bila kutajwa kuwa dhambi, na viongozi wa makanisa walikaa karibu mno na watawala. Walikuwepo waliowaficha jirani zao wakafa nao, na hao waliuishi ukweli ambao kanisa lao halikuutamka. Kilichokosekana Kigali ni barua ya namna ile ya Kampala. Kwa hiyo Rwanda haiipingi hoja yangu. Inaonyesha kinachotokea ukweli unapoachwa nje ya toba.

Tangu mwaka 2015 Uganda huadhimisha tarehe 16 Februari kuwa sikukuu ya taifa, na katika mahubiri ya siku hiyo Kivengere na kitabu chake hawakosi kutajwa. Wachungaji wanaonisoma nawaomba jambo moja: msitaje kitabu hicho kabla ya kulisomea kusanyiko lenu barua ya maaskofu, yote.