Yanga: Klabu iliyovunjika mara kadhaa bila kufa

Siku ya mechi ya watani wa jadi, huna haja ya kuuliza nani anashabikia nini katika stendi ya Kibiti au gati la Nyamisati. Jezi zinajieleza. Hata kwenye vitongoji vya delta ya Rufiji, ambako safari hungoja maji yajae, watu wamegawanyika pande mbili: kijani na njano ya Yanga, nyekundu na nyeupe ya Simba.

Kati ya hizo mbili, mkongwe ni Yanga, yaani Young Africans, ambayo huhesabu umri wake tangu tarehe 11 Februari 1935. Timu nyingi za vijijini na mitaani hupotea mara tu mfadhili anapoondoka. Je, hii imedumuje?

Ilianzaje?

Dar es Salaam ya miaka ya 1930 ilikuwa mji wa kikoloni uliogawanywa kwa rangi. Waafrika waliishi Kariakoo, Ilala na maeneo ya jirani. Wengi walitoka mkoa wa Pwani wa leo: Wazaramo, Wandengereko na Warufiji waliokwenda mjini kutafuta kazi. Ndiyo maana mapenzi ya klabu hii huku kwetu si jambo la kuletwa na televisheni. Yalirudi nyumbani pamoja na waliokwenda mjini.

Kabla ya jina la Young Africans, vijana hao waliitwa New Youngs. Kujiita Waafrika wakati mkoloni ndiye mwenye sauti kulikuwa na uzito wake, na baadaye klabu ilikuwa karibu na harakati za TANU za kudai uhuru.

Mpasuko wa kwanza ulikuja mapema. Mwaka 1936 baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao. Iliitwa Queens, baadaye ikawa Sunderland, na mwaka 1971, majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa, ikawa Simba. Yanga ilijenga makao yake Jangwani na Simba ikakaa mtaa wa Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa hiyo watani hawa walizaliwa nyumba moja.

Ilifikaje hadi vijijini?

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965 na Sunderland ikawa bingwa wa kwanza. Yanga ilijibu kwa kutwaa ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Mwaka 1968 iliifunga Sunderland mabao 5-0. Mwaka 1969 ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, mshindi aliamuliwa kwa kurusha sarafu, na Yanga ikatolewa.

Habari hizi ziliwafikia watu kupitia Radio Tanzania. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kariakoo aliweza kuijua timu nzima kwa majina, kwa sababu mtangazaji alimchorea uwanja kwa maneno.

Migogoro iliathiri vipi?

Katikati ya miaka ya 1970 klabu ilipasuka tena. Kundi la wanachama na wachezaji liliondoka na kuunda Pan African, ambayo mwaka 1982 ilikuwa bingwa wa nchi. Yanga iliyobaki ilidhoofika, na tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu. Mashabiki wa Simba hawajaacha kuikumbusha.

Lakini wanachama walibaki na jina, jengo na rangi zao. Mwaka 1981 Yanga ilikuwa bingwa tena, na mwaka 1998 ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Somo gumu zaidi lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2006 klabu ilimtegemea sana mfanyabiashara Yusuf Manji, aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti mwaka 2012. Alipojiuzulu mwaka 2017, mifuko ilikauka. Yanga ikatembeza bakuli kwa mashabiki wake, huku Simba ikichukua ubingwa misimu minne mfululizo.

Sasa nani mwenye klabu?

Hilo ndilo swali la leo. Kanuni za serikali zinataka klabu ya wanachama inapoingia kwenye mfumo wa hisa, wanachama wabaki na angalau asilimia 51, na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Wanachama wa Yanga waliridhia mabadiliko ya mfumo mwaka 2021. Matokeo ya uwanjani yameonekana: ubingwa umerudi, na mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikashinda 1-0 ugenini, na ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Hadi msimu wa 2024/25 imekuwa bingwa mara 31.

Lakini asilimia kwenye karatasi ni jambo moja, na sauti mkutanoni ni jingine. Anayelipa mishahara husikilizwa hata akiwa na hisa chache. Mwanachama asiyelipa ada wala kuhudhuria mkutano hana namna ya kumwuliza.

Jambo hili linazihusu hata timu zetu za Kibiti, Bungu, Ikwiriri na Utete. Timu ya jezi za diwani au mfanyabiashara mmoja ina umri wa mfadhili wake. Timu yenye katiba, daftari la wanachama, ada hata ndogo, na usajili kwa msajili wa vyama vya michezo, ina pa kuanzia upya siku mfadhili akiondoka. Mwanzo wa kuuliza habari hizo ni ofisi ya michezo ya halmashauri.

Mwaka 1936, mwaka 1976 na mwaka 2017 Yanga ilipoteza watu, nyota au fedha. Haikupoteza wanachama wa kutosha kufungua mlango kesho yake.