Donda Ndugu Linapogeuka Saratani

Kidonda kisichopona huitwa katika Kiswahili donda ndugu. Istilahi hii yaweza kusomwa kama picha kamili: kidonda kimekaa na mwenyewe hata kikawa mmoja wa ukoo, hufungwa kitambaa asubuhi na jioni, wala hakimshangazi tena mtu nyumbani. Mazoea hayo ndiyo yanayoipa saratani mahali pa kujificha.

Saratani inayozungumziwa hapa ni ya seli bapa, yaani seli zilizopangika mithili ya magamba ya samaki katika tabaka la juu la ngozi, na vilevile katika utando wa mdomo, umio, mlango wa kizazi na jicho. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa Ulaya aghalabu huieleza kama ugonjwa wa wazee weupe: kigaga kigumu sikioni, puani au kwenye mdomo wa chini, mahali palipochomwa na jua kwa miaka mingi. Maelezo hayo yanawahusu pia watu wenye ualbino, ambao huupata wakiwa wangali vijana. Lakini kwa mwenye ngozi nyeusi, saratani hii ya ngozi mara nyingi hutokea pasipohusiana na jua: mguuni, juu ya kovu la moto, au ndani ya donda la siku nyingi. Anayeitafuta usoni haioni.

Mwaka 1828 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda viotavyo juu ya makovu. Yeye mwenyewe hakuvitambua kuwa saratani. Hata hivyo, jina lake ndilo lililobaki. Kovu halina mishipa ya damu ya kutosha, na kinga ya mwili hulifikia kwa shida. Seli zake hugawanyika tena na tena kujaribu kuziba ufa usiozibika, na makosa hujilimbikiza. Kwa wastani hupita miaka 30 hivi. Mtoto aliyeungua mekoni akiwa na miaka 5 huenda akaona badiliko akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Huko Kashmir, watu hubeba kangri, chungu cha makaa ndani ya kikapu, chini ya mavazi wakati wa baridi. Saratani ya huko hujulikana kwa kutokea mapajani na tumboni.

Je, badiliko lenyewe huonekanaje? Kingo za donda huinuka na kuwa ngumu, nyama huchomoza, damu hutoka kwa kuguswa tu, uvundo na maumivu huzidi, na pengine mtoki huvimba kinenani. Tatizo ni kwamba karibu yote haya huweza kuletwa na uambukizo wa kawaida. Mgonjwa hupewa viuavijasumu, kisha vingine, na miezi hupita.

Njia ya kuukata mzizi wa shaka ni kuchukua vipande vya nyama na kuvichunguza kwa hadubini. Vipande, si kipande: cha katikati pekee huenda kikawa nyama iliyokufa. Hata kingoni mna mtego, kwa maana ngozi iliyosumbuka muda mrefu huota kuelekea ndani kwa namna inayofanana mno na saratani. Kwa hiyo majibu yakipingana na yale aonayo daktari, kipimo hurudiwa. Picha ya eksirei huonyesha iwapo mfupa umeguswa. Donda likiwahiwa, hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, kisha ngozi nyingine hupandikizwa. Mfupa ukishaliwa, aghalabu mguu hukatwa.

Jicho lina hila yake. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho huonekana kuwa kile cha kawaida, kiletwacho na jua, upepo na vumbi. Katika miaka ya 1990, tafiti za Rwanda na Uganda zilionyesha uhusiano kati ya virusi vya UKIMWI na saratani ya utando huo, na wagonjwa wengi walikuwa vijana. Kwa macho matupu vinyama hivi viwili havitofautishiki kwa uhakika. Kinyama kilichokatwa kikatupwa hakisemi kitu. Kilichotiwa ndani ya chupa ya fomalini na kupelekwa maabara ndicho kinachoweza kumwambia daktari kama amemaliza kazi au ndiyo kwanza anaianza.